Dar hadi Muscat: hesabu ya umbali na muda wa ndege, na pale watu wanapokosea

Binamu yangu alifika Uwanja wa Julius Nyerere Ijumaa saa nne usiku, mabegi mawili na kikapu cha maembe ya shangazi yetu wa Muscat. Tiketi ilisema Ijumaa, 00:40. Ndege ilishaondoka saa 21 nyuma.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja viwili, yaani namba zinazoonyesha kila kimoja kiko wapi duniani. Dar (DAR): -6.878, 39.203. Muscat (MCT): 23.593, 58.284. Usiache alama ya kutoa, Dar iko kusini mwa Ikweta. Mimi niliwahi kuiacha nikapata kilomita 2,760. Kumbe nimeihamishia Dar kwenye milima ya Ethiopia.

Hatua ya 2. Kwenye Excel, latitudo weka B1 na B2, longitudo C1 na C2, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B2))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(C2-C1)))

Utapata kama kilomita 3,970. Rula juu ya ramani ya ukutani sitaki hata kuiona. Huna kompyuta? Nyoosha uzi juu ya tufe la dunia, kisha uupime kwa skeli yake.

Hatua ya 3. Gawa kilomita hizo kwa 800, mwendo wa ndege kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: saa tano na nusu hivi. Ni kwa ndege ya moja kwa moja tu.

Hatua ya 4. Soma tiketi. Hapa ndipo penye kazi.

Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Kuondoka 00:40, kufika 07:00: tofauti ni 6:20, toa saa moja, angani ni 5:20. Kurudi unaongeza: 22:00 hadi 02:20 ni 4:20, jumlisha moja, 5:20 ileile. Ukiona kwenda na kurudi vinapishana kwa saa mbili, umesahau hili.

Kisha igeuze iwe saa ya Kiswahili. Ikizidi 12, toa 12 kwanza. Halafu tazama namba ya mkabala kwenye saa ya mishale. 07:00 ni saa moja asubuhi. Shangazi ukimtumia "07:00" mtupu, atakuja kupokea mgeni saa saba mchana.

Halafu tarehe. Tiketi hubadili siku saa sita usiku, kwa hiyo Ijumaa 00:40 ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na uwanjani unatakiwa Alhamisi saa tatu na nusu usiku. Bibi yetu asingekosea: kwake usiku wa Ijumaa ndio huo huo. Ni sisi vijana tunaouhesabu baada ya mchana wake.

Siku hizi naandikia familia hivi, bila tarakimu: "Anaondoka Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika arobaini. Anatua Ijumaa saa moja asubuhi, saa za Muscat."

Maembe tuliyala wenyewe.