Somo: Kuwaandaa majirani kabla mvua haijaanza

Usiku ule wa Januari maji ya korongo yalipoingia mtaani kwetu hapa Dodoma, tulikutana watu saba mlangoni kwa mama mmoja mjamzito. Tukamtoa salama. Nyumba ya nne kutoka pale alikuwa amelala mzee aliyepooza upande mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda, maana kila mtu alijua mwenzake ameshafika. Maji yalikuwa yamegusa godoro lake. Aliyemwokoa ni mjukuu wake wa miaka tisa, aliyepiga sufuria kwa mwiko mpaka tukasikia. Watu wa kujitolea walikuwepo tele. Kazi ndiyo haikuwa imegawanywa. Toka siku hiyo nimekuwa nikifundisha jambo hili kila ninapoitwa.

Hatua ya 1: Anzeni na chama mlicho nacho. Msiunde kamati mpya. Karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana, kikoba au jumuiya. Cha kuzikana ndicho bora zaidi: kina katibu, kina turubai na masufuria makubwa, na watu wake wamezoea kuingia kwa jirani siku ya shida bila kungoja kualikwa. Ombeni dakika ishirini kwenye kikao cha Septemba, kwa sababu sisi mvua yetu ni msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe tangu mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa na kijiji, hivyo mpango wenu uwe mkono wa kamati hiyo.

Hatua ya 2: Tembeeni mtaa kwa miguu, mkiwa na mzee. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wengi walikuja na kununua viwanja wakati wa kiangazi. Korongo la kiangazi ni mchanga mkavu, watoto wanachezea mpira humo. Mtafuteni aliyekuwepo kwenye mvua za El Niño za 1997/98. Wetu alitupeleka kwenye mkwaju mmoja, akaweka kiganja kwenye shina, usawa wa kifua changu, akasema, "Yalifika hapa." Ukuta wa nyumba mpya ulikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Tulinyamaza wote. Tieni alama sehemu kama hizo, chagueni mahali pa juu pa kukutania, na mkumbuke kwamba korongo linaweza kushuka na maji huku kwenu hakujadondoka hata tone, kwa kuwa mvua imenyesha vilimani.

Hatua ya 3: Daftari. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, msipaharakishe. Pita nyumba kwa nyumba, keti, uliza: mko wangapi mnaolala hapa? Nani hawezi kutoka mwenyewe? Ufunguo wa geti unakaa wapi usiku? Halafu kila asiyeweza kutoka mwenyewe muandikieni majina mawili ya watakaomtoa, na majina hayo yasiwe ya nyumba moja, maana nyumba moja husafiri pamoja. Mkiandika "vijana watasaidia" hamjaandika kitu. Waliotajwa waende wamsalimie mhusika, wamuulize anapenda kubebwaje. Yule mzee aliyepooza alituonyesha kwamba bega lake la kushoto haligusiki kwa maumivu. Tukakubaliana kumtoa akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma. Tungejulia wapi hilo gizani?

Hatua ya 4: Mlio mmoja. Umeme ukikatika, kipaza sauti cha msikiti kinanyamaza, na simu nyingi usiku ziko kimya au hazina chaji. Sisi tunatumia filimbi: milio mitatu mirefu, kimya, kisha mitatu tena. Mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Likitoka angalizo la mvua kubwa, anawapitia wote walio kwenye daftari kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 5: Fanyeni zoezi. Jumamosi moja asubuhi, filimbi ipigwe kweli, watu wabebwe kweli. Mara ya kwanza sisi tuligundua geti moja halifunguki mpaka mwenye nyumba arudi kutoka sokoni.

Vitu ni vichache: tochi, kamba, madumu ya maji safi yenye vifuniko, na vyeti na kadi za kliniki ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja, Miyuji: Dada katibu, huku watu hawataki magonjwa yao yaandikwe.*

Wana haki, mama yangu. Usiandike ugonjwa. Andika "anabebwa" au "anashikwa mkono", basi. Daftari likae kwa watu wawili mnaowaamini na lisiingie kwenye kundi la WhatsApp hata kwa picha. Orodha ya wazee wanaolala peke yao ikisambaa, mwizi naye ataisoma.

*Kijana wa bodaboda, Chang'ombe: Maji yakikatiza barabara na abiria ana haraka, nipime kina kwanza?*

Usiingie kabisa, mdogo wangu. Maji yaendayo kasi humwangusha mtu mzima hata yakiwa chini ya goti, na yakifika kama sentimita 60 hubeba magari mengi. Tena huoni kama barabara chini yake imeshakatika. Egesha pikipiki upande huu, washa taa, wazuie wanaokuja nyuma yako.

*Mzee, Bahi: Sisi wengine bado tuna nyumba za tembe. Mnatushaurije?*

Shikamoo mzee. Udongo wa paa la tembe ukilowa siku mbili tatu mfululizo huwa mzito kupita nguvu ya boriti. Ukisikia mbao zinalia au udongo unadondoka, hamisheni watu mchana huohuo, msilale humo. Bahi pia iko ndani ya Bonde la Ufa, na Kagera tuliona kwenye tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 nyumba zilivyoanguka. Ardhi ikitikisika na uko karibu na mlango wa tembe, toka uende uwanjani. Nyumba ya tofali imara, ingia chini ya meza, ishikilie mpaka ardhi itulie.

*Dada, Kizota: Na moto je?*

Piga 114, Zimamoto. Huku wakija, filimbi ileile na daftari lilelile.

*Baba, Nzuguni: Watoto tuwahusishe au tutawatisha?*

Wahusishe, kaka. Mpe mtoto kazi moja anayoiweza na umwambie asirudi ndani kuchukua kitu. Yule mjukuu sasa ndiye mtunza filimbi wa nyumba yao. Ameitundika kwenye msumari kando ya kitanda cha babu yake, chini kidogo, ili mkono wa babu ulio mzima nao uifikie.