Somo: Kutunza mpira wa mshipa mkubwa nyumbani ili vijidudu visiingie kwenye damu

Mgonjwa wa saratani aliyeruhusiwa nyumbani na mpira kifuani au mkononi (bomba jembamba lililoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu ili kupitishia dawa) huwa anachunga sana pale unapoingilia kwenye ngozi. Anafanya vizuri. Ila mpira ukishakaa wiki kadhaa, njia kubwa ya vijidudu inakuwa mdomo wake, pale bomba la sindano linapochomekwa. Na mdomo huo ndio unaosahaulika.

Hatua ya 1. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Kama hakuna bomba, mtu akumiminie kwa kata. Usitumbukize mikono kwenye beseni. Jifutie taulo safi, si kanga uliyopikia.

Hatua ya 2. Sugua mdomo wa mpira kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, juu na pembeni, kwa sekunde 15, kila unapotaka kuchomeka kitu. Kila mara, hata kama umesugua dakika tano zilizopita. Halafu uache ukauke wenyewe. Wengi hupuliza ili wawahi, na pumzi inarudisha vijidudu palepale. Mdomo huo ukigusa shuka au kidole, anza upya.

Hatua ya 3. Kama hospitali imekufundisha kuusafisha mpira kwa ndani kwa maji ya chumvi ya hospitali, tumia bomba la sindano la mililita 10, kwa sababu lile dogo lina msukumo mkali unaoweza kupasua mpira. Sukuma kidogo, tua, sukuma tena. Ukigoma, usilazimishe.

Hatua ya 4. Plasta angavu inayofunika pale mpira unapoingilia kwenye ngozi hubadilishwa kila siku 7, ya gozi kila siku 2. Ikilowa jasho au ikibanduka, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuoga: funika vizuri kwa nailoni. Baharini usiingie.

Maswali ya wanachama

Shikamoo nesi. Mume wangu alianza kutetemeka muda mfupi baada ya mpira kusafishwa, kisha akatulia. Tusubiri kliniki?
Marahaba. Msisubiri, mama, nendeni sasa hivi. Huenda vijidudu vilivyokuwa ndani ya mpira vimesukumwa kwenye damu. Msiutumie tena hadi apimwe.

Joto likifika 38 usiku, nimeze Panadol nilale?
Hapana, dada. Panadol itaficha homa, wala ugonjwa hauondoki. Seli nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo (dawa za kuua saratani), na homa inaweza kuwa dalili pekee. Nenda usiku huohuo, na ukifika mapokezi tangulia kusema: “Niko kwenye kemo, nina mpira, nina homa.” Usikae foleni kimya.

Kifuniko cha mdomo wa mpira kimedondoka sakafuni, nikioshe nirudishie?
Usikirudishe, kaka. Funga kibanio cha mpira, zungushia mdomo gozi safi, uende hospitali wakuwekee kipya.