Joto la majitaka: namna ya kupanga nishati ya mtaa kwenye viwanja vya viwanda vilivyokufa

Ukipewa eneo la viwanda vya zamani ulipange liwe mtaa usioongeza hewa ukaa, usikimbilie kuchora paneli za sola. Tafuta kwanza joto linalopotea hapo jirani.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupasha joto hapa Vancouver, Kanada, na darasa langu ni mtambo wa joto ulio chini ya daraja la Cambie, eneo la Southeast False Creek. Ufukwe ule ulikuwa wa viwanda vya mbao, vyuma na chumvi. Mwaka 2010, wanamichezo wa Olimpiki ya majira ya baridi walipofikia hapo, nyumba zilishaanza kupashwa joto kwa majitaka. Ndiyo, hayohayo ya bafuni na chooni. Mabomba ya moshi ya mtambo yamesimama kama vidole vya mkono, na kucha zake ni taa zinazobadilika rangi kufuatana na matumizi ya joto ya mtaa.

Nenda kwa watu wa majitaka ukaulize mambo mawili: usiku wa manane yanapita maji kiasi gani, na kwenye baridi kali yana nyuzi ngapi. Wakikupa wastani wa mwaka, warudishie. Tuseme umepata lita 100 kwa sekunde na unaweza kuyapoza kwa nyuzi 5. Lita moja ikipoa nyuzi 1 inatoa karibu kilojuli 4.2, kwa hiyo una kilowati 2,100. Pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la majitaka na kulipandisha nyuzi, ikitoa kilowati 3 za joto kwa kila kilowati 1 ya umeme itakula 1,050, na mtaa utapokea 3,150. Umeme wenyewe ukiwa wa makaa ya mawe, umehamisha moshi tu. British Columbia tumebahatika, umeme wetu mwingi ni wa maji.

Usinunue pampu ya kubeba siku yenye baridi kuliko zote. Siku hizo zinahesabika. False Creek walipanga majitaka yabebe kama asilimia 70 ya joto la mwaka, kilele kikaachiwa boila za gesi. Ile 30 iliyobaki ndiyo mfupa. Tumia matangi ya maji moto, boila za umeme au biogesi. Kulipia miti iliyopandwa bara jingine kisha ukajiita safi, mimi simo.

Mitaro ya mabomba ya kupeleka maji moto kwenye majengo ichimbwe wakati udongo wenye mafuta na risasi unaondolewa, maana kuufukua mara ya pili ni kulipa mara mbili. Na jiji litunge mapema sheria ndogo ya kulazimisha kila jengo jipya kujiunga, kama Vancouver ilivyofanya. Bila hiyo, wajenzi watafunga hita za umeme za bei rahisi, na bomba lako litakosa wateja.

Sasa penye maumivu: bomba la kurudi, lile linalorudisha mtamboni maji yaliyokwisha kuacha joto lake kwenye majengo. Maji yakienda na nyuzi 65 yakarudi na 40, kilowati 1,000 zinahitaji lita 9.5 kwa sekunde. Yakirudi na 55, unahitaji karibu 24, na pampu ya joto inahangaika. Jengo moja lilinisumbua majuma mawili. Kompyuta ilisema kila kitu shwari. Nikashuka chumba cha mitambo, nikaweka kiganja kwenye bomba la kurudi, nikakiondoa upesi. Nyuma ya tangi, mtu alikuwa ameacha wazi vali ya mkato, maji moto yanarudi bila kupita kwenye nyumba hata moja. Nikaifunga. Baada ya saa moja kiganja kilikaa.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Tanga, alicheka: "Yaani watu wanalipia joto? Huku tunalipia feni." Ana haki. Kwa Dar es Salaam ungepanga maji baridi ya viyoyozi, lakini hesabu ya kwenda na kurudi ni ileile.

Kwa hiyo mkataba wa kila jengo utaje nyuzi za juu kabisa za maji ya kurudi, pawe na mita mlangoni, na anayezidisha alipe zaidi. Vali ya mkato ifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao fundi wa mtambo.