Jinsi ya kutazama makala za viwanja vya ndege

Hapa Mwanga, Kigoma, vijana wanaotaka kazi ya uwanja wa ndege huja kwangu kutazama makala za televisheni. Nawaambia: anzeni na Airport ya BBC, iliyoanza 1996 pale Heathrow, uwanja wa ndege wa London, kisha Airline ya ITV, televisheni nyingine ya Uingereza, iliyowafuata wafanyakazi wa shirika la ndege la easyJet.

Msikodolee ndege macho, wanangu, tazameni kaunta. Abiria amechelewa, kaunta imeshafungwa, anafoka. Simamisheni picha hapo. Mhudumu anaanza kusema nini? Sauti yake inapanda au inashuka? Rudieni bila sauti, msome mikono na uso. Halafu mmoja awe abiria, mwingine mhudumu, mjibizane kwa Kiswahili. Majibu ya mkato siyapendi kabisa: aliyeachwa na ndege aelezwe sababu, na aambiwe inayofuata ni lini.