Somo: Kutembelea Pango la Ufunuo na monasteri ya Patmo kwa siku moja

Wakuu, kile kisiwa cha Patmo mnachokisoma Ufunuo 1:9 kipo Ugiriki, kinaitwa Patmos, na watu wanaenda kila siku kuona pango ambapo wanasema Yohana alipata yale maono ya kitabu cha Ufunuo. Nilienda nikakosea mpangilio, ndo maana naandika hapa.

Hatua ya 1, usafiri. Kisiwa hakina uwanja wa ndege. Panda meli Piraeus, bandari ya Athens, ni masaa kama 8 hivi. Au ruka hadi visiwa vya jirani, Kos au Samos, kisha uvuke na boti. Utashukia Skala, bandari ya kisiwa.

Hatua ya 2, mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume mnahusika pia, mimi na kaptula yangu nilirudishwa getini kama mtoto aliyekuja shule bila sare.

Hatua ya 3, anza na PANGO, na hapa ndo wengi tunakosea, unaona basi la Chora, ule mji wa kilimani wenye monasteri, unadandia unafika juu kabisa, halafu pango unalipitia mwishoni umechoka na mnasukumana na abiria wa meli za kitalii. Amka mapema upande kwa miguu ile njia ya zamani ya mawe, pango liko katikati ya Skala na Chora. Ndani ni padogo, kakanisa kamejengwa kwenye mwamba. Kuna tundu limezungushiwa fedha, wanasema Yohana alikuwa analaza kichwa hapo, na lingine alilokuwa anashika akiinuka. Angalia juu uone ufa wa mwamba uliogawanyika mara tatu, wao wanasema sauti ilitokea hapo, na ule utatu ni ishara ya Utatu Mtakatifu. Kaa kimya dakika kumi, hata kama we si mtu wa dini sana.

Hatua ya 4, ndo sasa upande Chora kwenye monasteri ya Mtakatifu Yohana. Kwa nje ni ngome kabisa, kuta nene, maana maharamia walikuwa wanasumbua. Ilianzishwa 1088 na mtawa Christodoulos baada ya mfalme wa dola ya Bizanti, Alexios I Komnenos, kumpa kisiwa kizima, na ile hati ya mfalme ipo makumbusho ya humohumo. Cha kusikitisha mzee hakufaidi, alikimbia mashambulizi akafia kisiwa cha Euboea 1093, mwili ndo ukarudishwa. Muhimu: mchana wanafunga milango, kwa hiyo usikae kahawani ukajisahau.

Ukibakiwa na muda kuna monasteri ya masista, Zoodochos Pigi, hapohapo Chora. Ndogo, imetulia.

MASWALI

Swali: Mimi Muislamu, naruhusiwa kuingia?
Jibu: Karibu sana, hakuna anayekuuliza dini. Zingatia mavazi tu.

Swali: Kaka sisi wadada lazima tununue magauni marefu?
Jibu: Hapana dada, beba khanga mbili, moja kiunoni moja mabegani, umemaliza.

Swali: Picha je?
Jibu: Pangoni hapana. Nje piga mpaka simu izime.

Swali: Hawa ni Wakatoliki?
Jibu: Waorthodoksi, kama wale wa Bukoba na Kenya. Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na yetu, kwa hiyo angalia kalenda yao. Alhamisi Kuu pale Chora mkuu wa monasteri anawaosha watawa miguu uwanjani, watu wote wanaangalia.

Swali: Viza?
Jibu: Ya Schengen mkuu, anza mapema.