Modemu ya simu: usiizime sauti

Mtoto wa kaka yangu anafundisha kompyuta sekondari. Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu, hapa Lindi mjini, akafungua kabati la chini ninamoweka karatasi, akaibuka na kisanduku cheusi chenye taa mbele. "Shangazi, hii ndiyo ile iliyokuwa inapiga kelele jioni?" Ndiyo yenyewe: modemu, kifaa kinachogeuza maneno ya kompyuta kuwa milio ili yapite kwenye waya wa simu. Anataka wanafunzi wake waone kompyuta mbili zikiongea kwa simu, na shule yao ina swichibodi ya ndani, ya kupigiana ofisi kwa ofisi. Nikamwambia inawezekana, nitakuandikia. Haya.

Ajue kwanza ilikuwa na kazi gani. Kabla Daraja la Mkapa, la Mto Rufiji, halijafunguliwa mwaka 2003, masika yakikaza barua ya Dar ilikwama kwenye kivuko cha Ndundu sawa na abiria. Mimi nilikuwa na taipureta, nikapata kompyuta, halafu modemu. Mteja analeta barua yake kwenye karatasi, nachapa mchana kutwa simu ikiwa imekatwa, jioni napiga Dar mara moja: barua pepe zote zinaondoka, majibu yanaingia, nakata. Anayeunga simu ndipo aanze kufikiria cha kuandika, bili ikija ataelewa.

Sasa kazi yenyewe. Anzia karibu uende mbali: kompyuta na modemu, modemu na laini, laini na wa upande wa pili. Hatua moja haijaitika, usiguse inayofuata. Nimeona watu wakibadilisha nenosiri siku nzima, kumbe kebo haijakaza.

Kebo nene ina vidude viwili tofauti: chenye matundu 9 kinaingia kwenye kompyuta, chenye pini 25 kwenye modemu. Kaza skrubu zake. Kabla ya kuchomeka adapta, pindua modemu usome chini. Zipo modemu zinazotaka umeme wa AC, na ukiipa adapta ya redio, ambayo hutoa DC, haitawaka, na wewe utasema imekufa. Nyuma kuna matundu mawili ya waya wa simu. Lililoandikwa LINE ndilo la ukutani. La PHONE ni la simu ya mezani, na usiliache wazi, simu hiyo utaihitaji.

Fungua HyperTerminal, programu ya kuiandikia modemu amri, imo kwenye Windows 98. Chagua COM1, yaani mlango wa kompyuta wenye kebo, kasi 115200 (biti kwa sekunde), biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama. Andika AT ubonyeze Enter. Modemu ikijibu OK, imekusikia. Isipojibu, jaribu COM2, kisha rudi kwenye kebo. OK ikija lakini herufi zako mwenyewe huzioni, andika ATE1. Halafu AT&F, irudi kwenye hali ya kiwandani isahau niliyoiamuru mimi miaka ile.

Hatua ya laini ndiyo inayowashinda watu wa pwani. Inua mkonga wa simu ya mezani, sikiliza ule mlio mrefu, kisha bonyeza tarakimu moja tu. Mlio utakatika. Hapo kaa kimya, sikio mkongani, uhesabu polepole hadi kumi. Panatakiwa pawe kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Ukisikia chakacha-chakacha, kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili, hiyo ni chumvi. Hewa yetu hula shaba. Fungua soketi ya ukutani utaona ukijani kwenye vile viwaya. Chomoa waya kwanza, sugua kwa raba ya penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudia kusikiliza. Sauti ya binadamu hupenya kwenye makelele hayo na mkaelewana. Modemu haivumilii: itapunguza kasi, au itakata kila baada ya dakika mbili.

Kwa shule yako kuna jambo jingine. Swichibodi za ndani mara nyingi zina mlio wake, wa kukatika-katika, na modemu haiutambui. Itakuandikia NO DIALTONE, hakuna mlio, wakati wewe mlio unausikia. Andika ATX3, maana yake usisubiri mlio, piga tu. Kisha ATDT na namba ya ofisi ya pili. Kama ungekuwa unatoka nje kwa kupitia 9, ungeandika 9, ukaweka mkato, ndipo namba. Mkato ni kupumua sekunde mbili. Kwenye kompyuta ya pili andika ATS0=1 mapema, ili modemu yake ipokee simu inapoita mara ya kwanza.

Sasa sikiliza, na hapa ndipo nilipokuwa napataka. Kuna amri ATM0 ya kuizima spika. Usiitumie. Mimi niliitumia, kwa sababu nyumbani walilalamika kwamba kelele zinaamsha mtoto. Jioni moja nikapiga, NO CARRIER, yaani haikupata modemu upande wa pili. Nikapiga tena, NO CARRIER. Mara saba. Ya nane nikaamua kuinua mkonga nisikie kulikoni, nikakuta mzee wa watu huko Dar anafoka: "Wewe ni nani lakini? Mbona unanipigia filimbi?" Nilikosea tarakimu moja. Mara saba mzee ameinuka kwenye kiti chake kwenda kupokea mlio. Niliomba radhi mpaka nikaishiwa maneno, na simu zote nane, za masafa, nilizilipia.

Spika ikiwa wazi utajua uko wapi bila kutazama skrini. Kwanza tarakimu, pi-pi-pi. Simu inaita. Upande wa pili unapokea kwa mlio mmoja mwembamba ulionyooka, kama sekunde tatu. Kisha zinaanza kupimana: milio inapanda na kushuka, mikwaruzo, halafu shaaa kama mvua kwenye bati. Ghafla kimya. Kimya hicho ndicho ushindi. Modemu imejifunga spika yenyewe na taa ya CD, ya kuonyesha kwamba zimeungana, imewaka. Ukisikia "haloo", kata haraka. Ukisikia mlio mwembamba unajirudia tu na shaaa haiji, modemu zimesikiana lakini hazijaelewana, rudi kwenye raba yako.

Skrini itaandika CONNECT na namba. Ikiandika 115200 usishangilie, hiyo ni kasi ya kebo kati ya kompyuta na modemu. Kati yenu wawili mwisho ni 33600, hata kama kisanduku kimeandikwa 56K. Ile 56K ilihitaji upande wa pili uwe umeungwa kidijitali moja kwa moja, kama watoa huduma wa intaneti walivyofanya, na ilikuwa ya kushusha tu. Faili la megabaiti moja litachukua dakika nne na ushee. Litume kwa Zmodem, njia mojawapo ya kutuma faili ndani ya HyperTerminal, maana laini ikikatika huendelea pale lilipoishia. Waache wanafunzi waandikiane kwanza, watacheka.

Zama zile, mwenye mtoa huduma halisi hakutumia HyperTerminal isipokuwa kupimia. Aliingia Dial-Up Networking, sehemu ya Windows ya kupigia intaneti kwa modemu, akatengeneza muunganisho mpya, akaweka namba ya simu, jina la mtumiaji na nenosiri alivyopewa. Alibaki na TCP/IP peke yake, lugha ya intaneti; NetBEUI na IPX, lugha za mitandao ya ofisini, aliziondolea alama, na anwani aliacha ipangwe na upande wa pili. Hapo pepesi.

Kukata: tulia sekunde moja, andika +++ bila Enter, tulia tena, OK ikija andika ATH. Wengi wanabonyeza Enter kwa mazoea, halafu wanashangaa mbona haisikii.

Na ukimaliza, chomoa waya wa umeme NA waya wa simu. Modemu yangu ya kwanza niliichomoa umeme tu wingu lilipotanda upande wa Kitunda. Radi ilipita kwenye nguzo za simu, ikaingia kwa mlango wa LINE. Hii uliyoibeba ni ya pili.