Kinyota Kinapokwenda Kombo: Kutafuta Kosa la Alama Wakilishi katika Sheli

Anayeandika `rm *.pdf` hudhani kwamba ni `rm`, amri ya kufuta mafaili, inayosoma kinyota (alama wakilishi inayosimama badala ya herufi zozote) na kutafuta mafaili. Sivyo. Anayefanya kazi hiyo ni sheli, yaani programu inayopokea amri kwenye terminali: huondoa muundo, yaani `*.pdf`, huweka mahali pake orodha ya majina yanayolingana nao, kisha huikabidhi `rm` orodha iliyokwisha tayarishwa. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu amri, itake sheli ikuonyeshe ilichokabidhi, bila ya kugusa faili lolote:

`printf '%s\n' *.pdf`

Ikichapishwa `*.pdf` kama ilivyo, Bash, ambayo ni mojawapo ya sheli, haikupata faili linalolingana, na desturi yake ni kuupitisha muundo bila ya kuubadilisha. Zsh, ambayo ni sheli ya kawaida ya macOS tangu mwaka 2019, hutoa kosa na kukataa kuiendesha amri. Kwa maoni yangu hilo ni salama zaidi, na katika Bash unalipata kwa `shopt -s failglob`. Hakikisha kwa `pwd` kwamba umo katika folda uliyoikusudia, kisha tazama herufi, kwani katika Linux `.pdf` na `.PDF` ni vitu viwili. Majina yanayoanza kwa nukta nayo hurukwa, mpaka uwashe chaguo la Bash liitwalo `dotglob`.

Nafasi ndani ya majina ndiyo inayoleta hasara kubwa, na kwetu Pemba haikwepeki kirahisi. Tuseme afisi inahifadhi stakabadhi za karafuu kwa majina ya miji: `Wete 2023.pdf`, `Mkoani 2023.pdf`, `Chake Chake 2023.pdf`. Karani anayetaka kufuta za Chake Chake pekee akiandika

`rm Chake Chake *.pdf`

sheli huona maneno matatu, na neno la tatu, kinyota kikiwa peke yake mbele ya `.pdf`, hulingana na kila stakabadhi iliyomo. `rm` italalamika kwamba hakuna faili liitwalo `Chake`, lakini za Wete na Mkoani zitakuwa zimeshafutika pamoja na nyengine. Dawa ni kuyafunga maneno ndani ya alama za nukuu na kukiacha kinyota nje:

`rm "Chake Chake "*.pdf`

Kinyota kikiingia ndani ya nukuu, ziwe moja au mbili, sheli hukiacha kama herufi ya kawaida. Kanuni ni hiyo hiyo kwa jina lililowekwa katika kigeugeu, yaani neno linaloshika thamani, kama `mji` hapa: andika `"$mji "*.pdf`, kwa sababu bila ya nukuu Bash hulikata jina penye nafasi kabla ya kuanza kutafuta mafaili.

Amri ya `find`, inayotafuta mafaili katika folda na folda zilizo ndani yake, inataka kinyume chake, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayolinganisha majina. Andika `find . -name '*.pdf'`. Ukiacha nukuu na folda ikawa na PDF moja tu, `find` itatafuta jina hilo pekee katika folda zote za ndani, wala hutaona onyo lolote. Zikiwa nyingi, itatoa kosa.

Jina linaloanza kwa kistari husomwa kama chaguo la amri, basi andika `./*.pdf`. Na orodha ikiwa ndefu kupita kiwango kinachokubaliwa na mfumo, mfumo wenyewe hukataa kuiendesha amri. Hapo itumie `find` kwa `-exec` (chaguo la kuendesha amri juu ya mafaili yaliyopatikana) inayomalizikia kwa `+`, ambayo huyagawa majina mafungu mafungu.